Rasimu ya pili watoto wakiwa wadogo

Dada, umeuliza kwa nini kila ukipata nafasi watoto wakishalala unaishia kunyoosha sura ya kwanza, na mswada hausogei. Tatizo ni kuchanganya kazi mbili: kupanga hadithi na kunyoosha lugha. Sentensi usiziguse kwanza. Chukua daftari, kila sura iandikie mistari miwili: nini kinatokea, na nani anabadilika. Sura ambayo mstari wa pili unabaki mtupu, ama inafutwa ama inaunganishwa na jirani yake. Kazi hii inakatika vipande vya dakika ishirini, hata ukisubiri maharage yaive. Kuandika tukio jipya hakukatiki hivyo. Kutengee alfajiri, kabla nyumba haijaamka.

Usiache kazi pale sura inapoishia. Simama katikati ya tukio, andika mstari mmoja wa kinachofuata, ndipo ufunge. Kesho hutapoteza muda ukitafuta pa kuanzia.

Lugha iwe ya mwisho, na hapo soma kwa sauti. Angalia sana mazungumzo ya wawili: "alimwambia" haionyeshi nani kamwambia nani, wala mume au mke, kwa hiyo jina lirudi mara kwa mara. Na ukibadilisha neno mswada mzima kwa kompyuta, upatanisho unavunjika: "kisu kile kilianguka" kinakuwa "panga kile kilianguka". Pitia kila mahali kwa macho.

Kila Ijumaa hifadhi nakala mpya yenye tarehe, ujitumie kwa barua pepe. Watoto na chai havina adabu mbele ya kompyuta.