Muulize Shangazi: Karatasi ya mtoto wa darasa la nne

SWALI
Shikamoo Shangazi. Sisi ni watu wa Goma, sasa tuko Boise, Idaho. Mtoto wetu wa pili ameingia darasa la nne, akarudi na karatasi ya shule inayosema yeye na familia yake wanaweza kuingia hifadhi za taifa bure mwaka mzima. Baba yao anasema tusiiguse, maana hapa Marekani cha bure leo ni bili ya mwezi ujao. Nyumbani tuko saba: sisi wawili, mama mkwe na watoto wanne. Je, ni kweli? Na tukienda wote?
Mama wa Wanne, Boise

JIBU
Marahaba mwanangu. Baba yao simlaumu. Mimi mwenyewe bahasha yenye neno “bure” huwa inakaa juu ya friji kwanza. Lakini hii ichukueni. Mpango huu aliuanzisha Rais Obama mwaka 2015, na mwaka 2019 Bunge likaufanya sheria. Hakuna bili inayokuja.

Unavyokwenda ni hivi. Mtoto mwenyewe, si wewe, anaingia kwenye tovuti ya everykidoutdoors.gov, anafanya zoezi dogo, kisha anapata kuponi. Ichapisheni kwenye karatasi. Kama hamna printa, maktaba ya mtaa inayo. Msitegemee picha ya kuponi iliyopigwa kwa simu. Inaanza kazi Septemba 1 na kufa Agosti 31, kwa hiyo likizo kubwa ya kiangazi imo ndani, na hapo ndipo utamu wake ulipo.

Kuhusu watu saba: panapolipiwa kwa gari, wote mliomo ndani ya gari lenu mnaingia, mama mkwe akiwemo. Panapolipiwa kwa kichwa, wanaingia watoto wote wa chini ya miaka 16 pamoja na watu wazima watatu. Ninyi wakubwa ni watatu hasa, kwa hiyo hamna wa kubaki nje. Sharti kubwa ni moja: mwenye kuponi awepo. Msimwache kwa jirani kwa sababu ana mafua, mkafika na karatasi peke yake. Gari la biashara, kama basi la kukodi la kanisa, halimo.

Hailipii kila kitu. Kupiga hema, kupanda boti na ziara za kuongozwa mtalipa. Hifadhi za jimbo zina utaratibu wao. Na tangu mwanzo wa 2026 serikali imeanza kuwatoza wageni wa kutoka nje ya nchi ada zao za peke yao, kwa hiyo baba yao asisahau leseni yake ya udereva, ionyeshe kwamba mnaishi hapa.

Sasa nikwambie ninachokiona mimi. Watu wakipata karatasi hii wanakimbilia Yellowstone. Ni pazuri, sikatai, ila kutoka Boise ni mwendo wa siku nzima, na watoto wanne wanahitaji pa kulala. Kiingilio mmesamehewa, petroli na hoteli hakuna aliyewasamehe. Anzeni na Craters of the Moon, hifadhi ya volkano hapo hapo Idaho, karibu na mji mdogo wa Arco. Mnakwenda na kurudi siku hiyohiyo mkiamka mapema. Gari hulipa dola 20 pale, ninyi mtapita.

Na ninyi watu wa Goma mna sababu yenu ya kwenda. Pale chini ni mawe meusi ya volkano hadi macho yanakoma, makali, yenye vitundu, kama yale mliyojengea nyua kwenu baada ya Nyiragongo kumwagika 2002. Tofauti ni kwamba haya yamepoa kwa takriban miaka elfu mbili. Mama mkwe atawasomesha wajukuu somo ambalo mwalimu wao hana. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo waliletwa hapo kujifunza kusoma miamba kabla ya kwenda mwezini. Hilo mwachieni mtoto aliseme yeye.

Mimi nilikwenda na mjukuu wangu alipokuwa la nne. Karatasi aliishika mwenyewe, akamnyooshea mhifadhi kupitia dirisha la nyuma kabla sijazima redio. Ukitaka kushuka mapangoni unaomba kibali, nacho ni bure. Watakuuliza kama viatu au nguo mlizovaa zimewahi kuingia pango lingine, kwa sababu kuna ugonjwa wa ukungu unaoua popo na hawataki uletwe. Jibuni kweli. Chukueni tochi kwa kila mtu, maji mengi, na viatu vilivyofunika vidole; ndala kwenye mawe yale ni kujitafutia majeraha. Msiende wakati wa theluji, barabara ya ndani hufungwa.

Kuna mwenzako atasoma hapa aseme wake yuko la tano, amekosa. Mtoto wa chini ya miaka 16 halipi kiingilio hifadhi za taifa hata bila kuponi. Anayelipa ni mkubwa aliyemleta. Na nyingi kati ya hifadhi hizo hazina kiingilio kabisa. Msitu wa taifa ulio juu ya Boise, sehemu kubwa yake unaegesha gari tu na kutembea. Au umwombe Mama wa Wanne nafasi kwenye gari, kama ipo.