Uliza Ticha: La saba alikuwa anaongoza, form one anashika mkia

SWALI: Ticha shikamoo. Mimi ni mama niko Singida, kijana wangu alimaliza la saba shule ya serikali na alikuwa hatoki tatu bora, hesabu ndo usiseme. Sasa yuko form one mambo yamegeuka, mtihani wa juzi kawa wa mwisho mwisho huko. Baba ake anasema kabweteka, anataka kumchapa. Mimi kiingereza sijui, niliishia la saba, je namsaidiaje? Au tumpeleke tuisheni?

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Kwanza mwambie baba watoto fimbo aiweke chini, maana mtoto hajabweteka na wala akili haijapotea.

Huyo mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili, kiingereza kilikuwa somo moja tu kwenye ratiba, halafu Januari imefika karibu kila somo limegeuka kiingereza. Ndo utaratibu wetu tangu 1967, msingi za serikali zikaenda na Kiswahili, sekondari zikabaki na kiingereza, na mzigo wote wa kuhama kaachiwa mtoto wa miaka 13 au 14. Kwa kweli hili jambo linaniuma.

Chukua hesabu hiyohiyo aliyokuwa anaipenda. La saba ukimwambia tafuta mzingo wa mstatili anajumlisha pande zote nne kamaliza. Leo karatasi imemwandikia "Find the perimeter of a rectangle", anaiangalia tu. KDS (kigawe kidogo cha shirika) aliyoizoea sasa inaitwa LCM, pembetatu imekuwa "triangle", wastani "average". Hesabu anaijua mama, ila mlangoni kakuta kufuli jipya. Kwa hiyo madaftari yake ya la sita na la saba kama hayajaenda kufungia karanga yarudishe mezani, akae nayo pembeni ya kitabu cha form one, mada kwa mada, aone kwamba kitu ni kilekile.

Na wewe kazi unayo tena kubwa. Mnunulie kaunta buku, kila jioni aandike maneno mapya ya siku hiyo, yasizidi kumi, kiingereza huku Kiswahili kule. Halafu akueleze kwa Kiswahili alichofundishwa, na wewe muulize kama mtu usiyejua, kwa nini, ilikuwaje, hebu rudia. Akishindwa kukueleza kwa Kiswahili ujue notsi kazikopi ubaoni bila kuelewa, na hapo ndo wanapoanza kukremu. Akikueleza vizuri, basi ajaribu kusema sentensi mbili tatu za jambo hilohilo kwa kiingereza, hata akimwita shangazi yake "he" msimcheke, kwetu yeye ni yeye tu awe mwanamke awe mwanaume, itakaa sawa kadiri anavyoongea.

Kingine kinachowaangusha wengi ni kutojua swali linataka nini. "Mention" anataja tu, "define" anatoa maana, "explain" lazima aeleze kwa sentensi, "differentiate" aonyeshe pande zote mbili. Nimesahihisha karatasi nyingi mtoto kaambiwa "explain" kaandika neno moja, jibu analo ila maksi hakuna. Mtafutie kopi za mitihani ya form two iliyopita pale stesheneri azoee maswali mapema.

Tuisheni sikatai, ila kachungulie kwanza. Kama ni ticha kuandika ubaoni na watoto kukopi, hela yako inunue daftari. Kama watoto wanaongea, wanaulizwa, wanakosea wanarekebishwa, lipa.

SWALI: Ticha mambo, mi ni mpagazi hapa Moshi, napanda mlima na wageni, nataka niwe muongoza wageni. Grama nimesoma sana ila mgeni akifungua mdomo simpati kabisa. Shida nini?

JIBU: Poa kijana. Umesoma kwa macho, masikio hayajasoma. Sisi irabu zetu ni tano na neno linatamkwa lilivyoandikwa, wenzetu herufi za irabu ni tano ila sauti zinafika kama 20, ndo maana "ship" na "sheep" unasikia kitu kimoja, tena wakiongea haraka maneno yanaungana, "what do you want to" inakufikia kama "wodyawona". Tafuta vipande vifupi vya dakika moja, BBC Learning English wanavyo bure, sikiliza bila kusoma, rudia mara nyingi, kisha sema kwa sauti vilevile unavyosikia na ndipo usome maandishi yake. Mlimani anza na Wajerumani na Wafaransa, kiingereza chao nao wamejifunza shuleni, wengi wanaongea taratibu, Wamarekani utawapata baadaye. Na usiitikie "yes" kwa kitu hujaelewa, hasa mgeni akikwambia kichwa kinamuuma huko juu. Sema "Sorry, please say it again slowly", hakuna mgeni atakayekasirika.