Mtoto hapatikani? Bwana pia aende apimwe

Kuna dada wa Bungoma amenitumia meseji akiuliza nilikunywa dawa gani ndio nikashika mimba, eti mamamkwe wake ashamletea manyasi za kila aina. Dada yangu, mimi sikunywa dawa yoyote. Shida ilikuwa kwa bwanangu.

Tunaishi Nakuru, kwao ni Kakamega, na kila Krismasi mawifi walikuwa wananiangalia tumbo kabla hata hawajanisalimia. Nilipimwa kila kitu, ovari ziko sawa, nikapigwa ile eksirei ya mirija wanaingiza dawa kwa mfuko wa uzazi waone kama imeziba, uchungu wake wee acha tu, ikatoka safi. Bwanangu naye anasema ati mwanaume anayesimama vizuri hana shida. Wanaume mnajidanganya hapo sana! Kusimama ni damu kujaa kwa uume, mbegu zinatengenezwa kwa korodani, kazi mbili tofauti kabisa, na hata yale maji yanatoka mengi ni ya tezi zingine, mbegu ni kidogo tu ndani yake, huwezi jua kwa macho kama ziko ama haziko.

Akapimwa mwishowe. Mbegu chache, na zinaogelea kivivu. Daktari akamuuliza anafanya kazi gani. Dereva wa trela, Mombasa hadi Malaba, siku nzima amekalia joto, sigara mkononi. Na korodani ziliwekwa nje makusudi, zinataka ubaridi wa kama digrii 2 hadi 4 chini ya mwili. Akaambiwa sigara aache, njiani awe anashuka anatembea, halafu apimwe tena baada ya miezi 3 juu mbegu kutengenezwa inachukua karibu siku 74. Kwa hivyo usiache sigara Jumatatu uulize mimba Ijumaa.

Ingine ni tarehe. Yai likitoka linaishi masaa 12 hadi 24 tu, na linakutana na mbegu kwa mrija, lakini mbegu zinaweza kukaa huko ndani hata siku 5, so afadhali zitangulie. Na sio kila mtu ni siku ya 14! Yai hutoka kama siku 14 kabla ya piriodi ingine, mwenye mzunguko wa siku 35 lake ni karibu siku ya 21. Bwanangu alikuwa anakuja nyumbani tajiri akipenda, saa hiyo yai lilishakufa kitambo, ikabidi ameanza kuomba ofu kulingana na kalenda yangu.

Sasa tumbo linaonekana na mawifi wananiita mama. Pole ya kuniita tasa bado sijasikia.

Wanawake, msikubali kubebeshwa hii mzigo peke yenu. Mkijaribu mwaka mzima bila kitu, ama miezi 6 kama umepita miaka 35, nendeni wawili. Kipimo cha bwana hata hakina uchungu, akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga, na akitolea mbegu nyumbani zifike maabara ndani ya saa moja, azibebe karibu na mwili zisipoe.