Wasiopigwa picha nao wana majina

Vijana wengi huniuliza ni kamera gani inayofaa kwa maandamano. Simu uliyo nayo inatosha, mradi ina chaji na fleshi imezimwa. Linalonishughulisha zaidi ni kazi itakayobaki baada ya vitoa machozi kuisha, tunapotaka waliouawa wakumbukwe.

Huwa nawaonyesha picha moja. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu, na polisi wakawafyatulia risasi. Sam Nzima wa gazeti la The World alimpiga picha Mbuyisa Makhubo akikimbia huku amembeba Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, na Antoinette, dada yake Hector, akilia kando yao. Nzima aliitoa filamu kwenye kamera akaificha ndani ya soksi. Picha ikaenea dunia nzima, na tarehe hiyo ndiyo Siku ya Mtoto wa Afrika ambayo shule zetu huiadhimisha kila mwaka.

Siku hiyo hiyo aliuawa pia Hastings Ndlovu, wa miaka 15. Wapo wanaoamini yeye ndiye aliyepigwa risasi kwanza. Lakini hakuna picha yake iliyoenea kama ya Hector, na sijakutana na mwanafunzi hata mmoja wa hapa kwetu anayelijua jina lake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usiishie barabarani. Baada ya maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha hapa Kenya, nilianza kuzitembelea familia zilizofiwa, hasa zile ambazo mtoto wao alianguka pasipo kamera. Nenda baada ya mazishi, ukifuatana na mtu anayejulikana pale nyumbani. Toa pole, keti, kamera ikae mkobani. Mama akianza kumzungumzia mwanawe, msikilize hadi amalize. Ndipo umwombe picha anayoipenda yeye. Mara nyingi atakuletea ya pasipoti, ya darasa la nane, au ile iliyochapishwa kwenye programu ya mazishi.

Usiondoke na picha hiyo hata ukiahidi kuirudisha kesho. Ipige picha pale pale: iweke karibu na dirisha mahali pasipopigwa na jua, itoe kwenye fremu ikiwa inatoka bila kuchanika, na ushike kamera sambamba nayo isije ikapinda. Geuza upande wa nyuma, kwa maana huko huwa kumeandikwa tarehe, jina la studio, pengine maneno ya marehemu mwenyewe. Upige nao. Jina liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho, na usiku huo huo andika ulichoambiwa, kabla hujalala. Picha isiyo na jina itakuwa ya mtu asiyejulikana mara tu mimi na wewe tutakapoondoka.

Kuhusu picha za maiti, mimi sizisambazi familia isipotaka. Mwaka 1955 Emmett Till, mvulana wa miaka 14 kutoka Chicago, aliuawa kikatili na Wazungu huko Mississippi. Mama yake, Mamie Till, ndiye aliyeamua jeneza liwe wazi watu waone mwanawe alivyofanywa, na jarida la Jet likachapisha picha ya uso wake. Ndani ya kifuniko cha jeneza hilo zilibandikwa picha za Emmett akiwa hai, zilizopigwa Krismasi iliyotangulia. Aliyekuja aliona nyuso zote mbili. Uamuzi ule ulikuwa wa mama, na sioni mpiga picha anapata wapi haki ya kuuchukua.

Walio hai nao wanahitaji ulinzi wako. Baada ya picha ya Soweto, Mbuyisa aliandamwa na polisi hadi akakimbia nchi. Mama yake alipata barua yake kutoka Nigeria mwaka 1978, kisha kimya. Alikuwa amembeba mtoto anayekufa, basi. Kwa hiyo kabla hujatuma picha mtandaoni, funika nyuso za wanaobeba majeruhi kwa rangi nzito isiyopenya, na uangalie pia viatu, fulana na michoro ya mwilini, maana mtu hutambulika kwa hivyo pia.

Ila ufunike nakala tu. Picha asilia usiiguse, kwani huenda siku moja ikahitajika mahakamani. WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha na kufuta taarifa za saa na mahali ilipopigwa, kwa hiyo wakili akiihitaji, itume kama dokumenti. Weka nakala mbili sehemu tofauti, moja isiwe nyumbani kwako. Na kama bado una picha za Juni 2024 kwenye simu, zihamishe leo, kabla simu haijapotea au kuibiwa.