Raba za milango ya Land Rover ya zamani

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Rover 110 ya mwaka 1988, baba alinipa alipostaafu. Kiangazi vumbi linajaa ndani mpaka madaftari ya wanafunzi yanageuka rangi, na mvua zikianza natota miguu. Raba za milango zimekauka na kupasuka. Fundi wa hapa anataka kuzibandika kwa gundi. Nikubali? Na zile zinazouzwa kwa mita zinafaa? – Mwalimu, Njombe

JIBU: Marahaba, mwalimu. Gundi usikubali. Raba ya mlango wa 110 haibandikwi. Ina mfereji wenye bati ndani unaobana ukingo wa fremu, na sehemu yake laini yenye uwazi ndiyo inayolaliwa na mlango. Ukiijaza gundi, unyevu unanaswa kwenye ukingo na kutu inaanzia hapo. Gari limetunzwa na mzee miaka yote hiyo, inaniuma kusikia linataka kuharibiwa kwa tyubu moja ya gundi.

Lakini kabla hujatoa fedha, tafuta maji yanaingilia wapi. Kwenye gari hizi maji ya miguuni mara nyingi hayapiti mlangoni. Chini ya kioo cha mbele kuna vifuniko viwili vya kuingizia hewa. Raba zake zikisinyaa, maji yanashuka moja kwa moja hadi miguuni pako, na ile raba iliyo chini ya fremu ya kioo nayo huleta shida hiyohiyo. Wewe kaa ndani na tochi, mwenzako amwage maji kwa mpira akianzia chini na kupanda taratibu. Akianzia juu, maji yatatiririka kila mahali na hamtajua chanzo.

Kwa milango, chaki unayo. Ipake kwenye raba mzunguko mzima, funga mlango, kisha fungua. Mahali ambapo chaki haikuhamia mlangoni, pana uwazi. Uwazi ukiwa upande mmoja tu, kagua bawaba kwanza, kwa sababu mlango ulioshuka hauinuliwi na raba mpya. Angalia pia vitundu vya kutolea maji chini ya mlango. Vikiziba kwa tope, maji yanakaa ndani ya mlango na fremu yake ya chuma inaoza chini ya bati la aluminiamu.

Raba ya mita siikatai kabisa, ila kwenye pembe hukunjika na kuacha mwanya. Kwa milango ya mbele nunua iliyotengenezwa kwa gari hilo, na mwambie muuzaji ni ya kushoto au ya kulia, maana hazifanani. Ibonyeze kwa kidole palepale dukani. Isiporudi haraka, iache.

Ukishavua ya zamani, sugua ukingo kwa brashi ya waya na msasa, paka praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), uache ukauke vizuri. Nyoosha kwa koleo sehemu zilizopinda. Kisha anzia pembe za juu, ushuke pande zote mbili ukigonga kwa nyundo ya mpira, kiungo kiishie chini. Usiivute hata kidogo ili ifike. Raba iliyovutwa hurudi kidogo kidogo, na baada ya muda kiungo kinaachana. Mlango utakuwa mgumu kufunga mwanzoni. Uvumilie wiki kadhaa raba ilale kabla hujagusa ile pini ya loki kwenye nguzo, inayoshika mlango ukifungwa. Na usiipake oili wala grisi ya kawaida, zinaivimbisha. Tumia kilainishi cha silikoni, si silikoni ya kuzibia.

Nimeliacha vumbi mwisho kwa kuwa njia yake ni nyingine. Gari likitembea, hewa ya nyuma yake huzunguka na kubeba vumbi, na vumbi hilo huingia kwa mlango wa nyuma kuliko milango mingine. Barabarani funga vioo vya nyuma na ufungue vile vifuniko vya mbele, hewa safi iingie kwa nguvu na kusukuma vumbi nje. Ila ukiwa unafuata lori, vifunge mpaka ulipite. Kwa hiyo kama mwezi huu fedha inatosha raba moja tu, anza na ya mlango wa nyuma.