Uliza kwanza kama alipigwa mionzi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kusafisha vidonda, mtapokea wagonjwa waliotibiwa kwa mionzi Mulago, Kampala, kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wengine walisharudi Arua au Kabale miaka mingi iliyopita na karatasi zao zimepotea. Kidonda kikikataa kupona, ulizeni: uliwahi kupigwa mionzi? Sehemu gani? Lini?

Mionzi huua seli za saratani, lakini hudhoofisha pia seli zinazojenga nyama mpya, na mishipa midogo ya damu huziba polepole. Ngozi inaweza kuonekana imepona kabisa, kumbe chini yake damu haifiki vya kutosha. Hali hiyo haiishi tiba inapoisha. Hata baada ya miaka 10, mkato mdogo mahali pale unaweza kugoma kufunga.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni meno. Aliyepigwa mionzi ya mdomo au shingo asing'olewe jino kienyeji, kwa sababu mfupa wa taya unaweza kufa na kubaki wazi. Meno mabovu hung'olewa kabla ya mionzi, na fizi hupewa wiki mbili au tatu zipone. Akija baadaye analia na jino, mtulizeni maumivu, kisha wasilianeni na daktari wa meno na waliomtibu saratani. Atalalamika kwamba mnamchelewesha. Vumilieni, mwelezeni kwa upole.

Kwa anayeendelea na tiba, vitabu vingi husema ngozi itakuwa nyekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu huo ni vigumu kuuona. Tafuteni weusi unaozidi, joto, mwasho na maumivu. Mara nyingi huanza wiki ya pili au ya tatu, na huweza kuzidi wiki moja au mbili baada ya kipindi cha mwisho cha mionzi. Mwambieni mapema asiogope. Ngozi ikichubuka na kutoa maji, osheni taratibu, funikeni kwa kitambaa kisichoganda, wala msibandike plasta juu yake: ikibanduliwa hutoka na ngozi. Ulizeni pia, bila kumkaripia, kama nyumbani wanampaka majani au majivu.

Sukari, upungufu wa damu, sigara na lishe duni huchelewesha zaidi kupona, kwa hiyo vishughulikieni sambamba na kidonda.

Kingo zikiwa ngumu, au kidonda kikianza kukua na kutoka damu, huenda saratani imerudi. Msikate kipande cha kupima wenyewe. Mrudisheni kwa waliompiga mionzi.