Anti, nicheke nao yaishe au nirudi zangu Ujiji?

Marahaba mwanangu. Kwa mnaosoma, huyu binti ana miaka 20, kaanza mwaka wa kwanza chuo kimoja hapa Tabora, na kila jioni akitoka kujisomea kuna makaka wa mwaka wa tatu wamejaa kwenye vimbweta, yale mabenchi ya zege ya kujisomea, wanamsimamisha, ajitambulishe, ageuke "waone mzigo", na kwa vile katokea Kigoma wamempa jina Mgebuka, yule samaki wa Ziwa Tanganyika, basi wanaulizana kwa sauti leo nani ataukaanga. Dada anayelala naye rumu anamwambia wote tumepitia hayo, we cheka tu yataisha. Ndo anauliza acheke au afunge begi.

Begi usifunge. Na kucheka acha.

Najua unacheka kwa uoga, mtu akiogopa meno yanatoka yenyewe. Ila wale kicheko chako wanakichukua ruhusa, kesho wanaongeza. Eti wanakwambia ni utani tu, mbona watu wa Kigoma hamna utani? Hapo ndo wamenichefua, maana hapa Unyamwezini utani tunaujua jamani, Mnyamwezi na Mzaramo wanatukanana mpaka msibani na hakuna anayenuna, kwa sababu mtani unamrudishia kubwa kuliko lake na yeye anacheka. Sasa we mwambie huyo kaka ageuke na yeye tuone mzigo wake, uone kama atacheka. Wao kundi zima juu ya kimbweta, wewe umesimama peke yako na daftari kifuani, utani wa wapi huo?

Njuka, yaani mwanafunzi mgeni, kuimbishwa, kutumwa maji, siyapendi ila sipigi kelele sana. Wakishaanza kuutaja mwili wako hapo ni habari nyingine. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1990 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Levina Mukasa, alijiua baada ya kusumbuliwa kingono na wanafunzi wenzake wa kiume. Sikutishi wewe, namjibu huyo dada wa rumu na yataisha yake.

Leo jioni wakikuita usisimame, tembea. Akikufuata mmoja mtaje jina kwa sauti watu wasikie, "Kaka fulani, maneno hayo sitaki, usiyarudie", halafu nyamaza, usianze kujieleza. Na tafuta njuka wenzio mtoke pamoja, haiwezekani uwe peke yako unayeitwa samaki.

Na huyo mmoja wao uliyesema anakutumia meseji saa sita usiku, eti atakulinda na wenzie na notsi atakupa, huyo ndo wa kumwogopa kuliko wote. Wenzie wanakutisha, yeye anakuja kukuokoa, na malipo ya kuokolewa atayataja mwenyewe. Usimjibu, usizifute, piga skrinshoti.

Halafu andika barua. Tarehe, mahali, majina, na maneno kama yalivyosemwa, usiyapake sukari. Peleka kwa mshauri wa wanafunzi, au dawati la jinsia kama chuo chenu wanalo, na nakala yako wakugongee mhuri kwamba wamepokea, maana barua za wanafunzi zina tabia ya kupotea. Wakikuzungusha nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Kumsumbua mtu kingono hata kwa maneno ni kosa, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 138D, jela hadi miaka 5, na zikipita siku 60 tangu tukio polisi hawafungui tena kesi, kwa hiyo hizo habari za kuvumilia muhula mzima zinawafaa wao tu.

Umesema mama hujamwambia kwa sababu ada kailipa kwa kuuza dagaa na unajua atasema rudi. Mpigie, ila barua iwe imeshafika ofisini, ili asikie yote kwa pamoja. Na hayo madera uliyoazima uwe unajifunika nayo wasikuone umbo, mrudishie mwenyewe.